Baridi Hutoka Wapi, na Joto Huenda kwa Nani?

Liko swali moja ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza hudhani kuwa ni la mafundi peke yao, wala halimhusu mwalimu, wala mkulima, wala mama anayepeleka ndizi zake sokoni. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye lori la zamani, je, yafaa aifunge juu ya injini yake kompresa ya kupozea hewa, ili anayeliendesha akae katika ubaridi, hali injini ile haikuundwa kwa kazi hiyo? Wako watakaocheka na kusema, "Lori ni lake, fedha ni zake, na jasho ni lake, kuna neno gani hapo?" Nasi twasema kwamba neno lipo, tena ni kubwa, maana katika chombo hiki kidogo kinachozungushwa na mkanda tutaona jambo linalotupasa kulifikiri katika kila raha tunayoitafuta.

Natuweke mfano, wala asidhani mtu yeyote kuwa tumemsema yeye. Nchi ya Bombo iko katika Upare wa Kusini, wilaya ya Same, upande wa mashariki wa milima. Juu milimani kuna ukungu na mashamba ya tangawizi. Chini kuna mpunga wa Ndungu, na mbele yake nyika ya Mkomazi, ambayo jua lake halimwonei mtu haya. Basi tuseme yuko mtu wa Bombo aliyerithi kwa baba yake lori la Bedford la namna ile ya O, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1939. Injini yake ni ya petroli, ina silinda 6, na nguvu zake ni kama za farasi 72. Lori hili limezeeka lakini bado lafanya kazi. Hushusha tangawizi kutoka milimani, hupakia mpunga bondeni, kisha hufuata njia ya Maore na Kisiwani hata Same. Siku moja mwenye lori anaambiwa na fundi kwamba yako motakaa mpya iliyovunjika, na kompresa yake ni nzima. Ikitolewa na kufungwa katika Bedford, dereva hatatoka jasho tena. Je, ajibu nini?

Ili tujue ajibu nini, hatuna budi kwanza kufahamu chombo hiki hufanya kazi gani. Watu wengi hudhani kwamba kompresa hutengeneza baridi, kama vile tanuru litengenezavyo moto. Sivyo hata kidogo. Hakuna mtambo wowote duniani utengenezao baridi. Mtambo huu huchukua joto kutoka mahali pamoja na kulitupa mahali pengine, basi. Katika karne ya 19 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Rudolf Clausius, alilieleza jambo hili waziwazi: joto haliendi lenyewe kutoka penye baridi hata penye moto, kama vile maji yasivyopanda mlima yenyewe. Ukitaka yapande, sharti mtu ayabebe, na kazi ya kubeba ina ujira wake.

Namna ya kulibeba joto ni hii. Kompresa huvuta gesi iliyo baridi na nyepesi, huikandamiza hata ikawa moto na nzito. Siku ya jua kali kani yake yaweza kufika ratli 200 au 250 kwa kila inchi moja ya mraba. Gesi hiyo hupita katika mabomba membamba yenye mapezi, yaliyowekwa mbele ya rejeta, ambapo upepo huichukulia joto lake, nayo hugeuka kuwa maji. Maji hayo hupenyezwa katika tundu dogo sana, hupata nafasi ghafula upande wa pili, hugeuka tena kuwa gesi, na kwa kugeuka huko hunyonya joto la hewa ya ndani ya chumba cha dereva. Kisha gesi hurudi kwa kompresa, na safari huanza upya. Mtu akiweka mkono mbele ya tundu la ndani huona baridi. Akiweka mkono wake mbele ya mabomba yale ya nje huona moto. Wala moto ule wa nje si sawa na joto lililotolewa ndani, bali huzidi, kwa kuwa umeongezwa joto la kazi yenyewe ya kubeba. Twaomba msomaji alishike sana neno hili: joto linalotupwa nje huzidi daima lile lililoondolewa ndani.

Basi sasa swali letu limebadilika. Hatuulizi tena kama baridi ni nzuri au mbaya. Twauliza mambo mawili: Nguvu za kuendesha kompresa zimetoka kwa nani? Na joto lililoondolewa limetupwa kwa nani?

Nguvu hutoka katika injini. Kompresa ndogo ya motakaa, ikifanya kazi kwa bidii, hula nguvu za farasi watatu hata sita hivi. Kwa injini mpya yenye nguvu nyingi hilo si kitu kikubwa. Lakini kwa injini ya farasi 72, ambayo imechakaa silinda zake, nayo imebeba mzigo, hilo ni fungu zima la kazi yake. Tena zile farasi 72 hupatikana injini ikizunguka upesi tu. Lori likipanda kilima polepole nguvu hupungua sana, na fungu linaloliwa na kompresa huonekana kubwa zaidi. Tena joto lile lililotupwa hupulizwa moja kwa moja juu ya rejeta, ambayo ndiyo inayoipoza injini. Kwa hiyo mzee yule wa chuma hupigwa mara mbili: hunyang'anywa nguvu, kisha hupuliziwa moto usoni. Dinamo nayo ya zamani, iliyowekwa kwa ajili ya taa na pembe, hutakiwa sasa kulisha feni na klachi ya sumaku. Mwenye kuketi ndani haoni hata moja katika hayo. Yeye huona baridi tu. Ndivyo wahenga walivyosema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Huenda mtu atasema, "Injini ni chuma, haina roho, hatuwezi kuidhulumu." Ni kweli. Chuma hakidhulumiwi. Lakini injini ikichemka na kufa njiani, watakaokaa juani si chuma. Ni utingo aliye nyuma, ni mama aliyeomba nafasi juu ya magunia ingawa lori halikuumbwa kwa abiria, ni mkulima ambaye tangawizi yake inamngojea mnunuzi Same. Nguvu za lori lile zilikuwa za wote waliotegemea lifike. Mtu mmoja akikata fungu lake kwanza, wengine hupata masalio.

Jambo hili sisi watu wa Upare hatuhitaji kufundishwa na wageni. Wazee wetu walichimba ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji ya milimani. Usiku maji hukusanyika. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji hushuka kwa mfereji kwenda mashambani, kila mtu kwa zamu yake. Matope yakijaa, hupigwa msaragambo, na watu wote hutoka na majembe kulisafisha. Ziko ndiva zinazotumika hata leo, kama huko Bangalala. Basi mtu akitaka kufungua shamba jipya na kuliongeza katika mfereji, je, huenda usiku akauchimba ukingo kwa siri, akasema, "Shamba ni langu"? Hasha. Shamba ni lake, lakini maji si yake peke yake. Huuliza kwanza: ndiva yatosha? Walio chini yangu watapata? Na siku ya ukame, ni nani atakayefunga kwanza?

Injini ni ndiva. Nguvu hukusanyika ndani yake, nazo hugawanywa: fungu la magurudumu, fungu la feni, fungu la pampu ya maji, fungu la dinamo. Anayefunga kompresa anafungua shamba jipya katika mfereji wa zamani. Hilo si dhambi, kwani mashamba yote yalikuwa mapya siku moja. Lakini kuna adabu yake.

Sasa yatupasa kusikiliza upande wa pili, maana hukumu ya mtu aliyesikiliza upande mmoja si hukumu. Wako wazee wanaosema, "Sisi tulisafiri miaka hiyo yote bila hewa ya baridi, tukafika. Vijana wa leo wamekuwa laini." Neno hili lasikika kama hekima, lakini tukilipima twaona limepungua. Baba zetu walibeba chumvi kichwani, wala hatusemi kwamba aliyeleta gari aliharibu ushujaa wao. Upare ni nchi ya wahunzi tangu kale; huko Ugweno Washana walifua majembe na mikuki, wakawauzia hata majirani wa Kilimanjaro. Mhunzi yule alijua vema kwamba jembe la chuma hupunguza jasho la mkulima, naye hakuona haya kwa ajili hiyo. Jasho si sifa kwa kuwa ni jasho tu. Sifa ni ya kazi, na jasho ni gharama yake; gharama ikipungua bila kumtwika mwingine, twapaswa kushukuru.

Tena tumtazame dereva. Katika malori ya zamani injini iko karibu na miguu yake. Joto lote la kazi inayofanywa kwa ajili ya watu wote humjia yeye kwanza, kwa matundu ya sakafu na kwa ukuta wa mbele. Tangu siku ya kwanza lori lile limetupa joto lake kwa mtu mmoja, wala hakuna aliyeuliza kama ni haki. Na dereva aliyechoka kwa hari si mtu wa kuaminiwa penye kona. Macho yake huwa mazito, hasira yake huwa karibu, na mkono wake huchelewa. Katika barabara za milimani kuchelewa kidogo kwaweza kuwa msiba wa nyumba nyingi. Kwa hiyo mtu akisema kwamba ubaridi wa dereva ni anasa tu, twamwambia: huenda ni haki ya dereva iliyochelewa kulipwa, na huenda ni ulinzi wa hao walio nyuma yake.

Basi haki haiko upande mmoja. Aliye ndani ana dai lake, na walio nje wana dai lao. Kazi yetu ni kuyapima madai haya kwa utulivu, wala si kuchagua upande na kuwazomea wengine.

Mwaka 1939 kampuni ya Packard huko Marekani ilitangaza motakaa zake za mwaka 1940, nazo zilikuwa za kwanza kuuzwa zikiwa na mtambo wa kupoza hewa uliofungwa kiwandani. Mtambo ule ulikuwa na kasoro moja inayofaa kutufundisha: haukuwa na klachi. Mkanda ulipovishwa, kompresa ilizunguka wakati wote injini ilipozunguka. Mtu aliyetaka kuizuia alipaswa kusimamisha injini, kufungua boneti, na kuuvua mkanda kwa mkono. Baadaye mafundi waliweka klachi ya sumaku, ambayo kwa kubonyeza kidude kidogo huifungua kompresa kutoka kwa injini mara moja. Wengi huihesabu klachi hii kuwa ni urahisi tu. Sisi twaona kuwa ndiyo sehemu ya mtambo iliyo na maana kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayompa mtu uwezo wa kuacha. Raha isiyoweza kuzimwa wakati wa dhiki ya wenzio imekwisha kuwa bwana, na wewe mtumwa wake. Dereva anapofika chini ya kilima na kuona mshale wa joto ukipanda, akizima kompresa yake na kufungua kioo, yeye ni sawa na mkulima anayefunga mfereji wake siku ya ukame. Asipozima, basi mtambo umemwonyesha tabia yake.

Tumetaja kioo, nalo ni jambo la kufikiriwa sana. Ubaridi hautaki matundu. Ili hewa ikae baridi sharti vioo vifungwe. Lakini utingo hana njia nyingine ya kusema na dereva wake ila kugonga bodi. Hugonga kumwambia asimame, hugonga kumwambia gunia limelegea, hugonga kumwambia yuko mtu anayetaka kushuka. Katika lori lililo wazi dereva husikia mara moja. Katika chumba kilichofungwa, feni ikivuma, mgongo huo wa bodi waweza kugongwa kwa mikono miwili wala asisikie. Hapo madhara ya raha si kwamba imechukua nguvu za injini. Madhara ni kwamba imechukua sikio. Na tukiangalia maisha ya watu twaona hivyo mara nyingi. Mtu akijengewa ukuta mnene hawachukii walio nje; hawasikii tu. Kwa hiyo fundi mwema anayefunga kompresa katika lori afunge pia kengele ya umeme, waya wake ufike nyuma kwa utingo. Gharama yake ni ndogo. Nasi twasema kwamba mwenye kukubali kompresa na kukataa kengele ameonyesha moyo wake.

Liko tena shauri la mwenye mali na mwajiriwa wake. Mara nyingi mwenye lori si dereva. Anaweza kufunga kompresa kwa wema, akisema, "Kijana wangu ataumia kwa jua." Huo ni wema wa kweli. Lakini anaweza kusema siku ya pili, "Sasa umekaa baridini, basi huchoki, nenda Same mara mbili kwa siku, urudi usiku." Hapo zawadi imegeuka kuwa nira. Baridi hupoza ngozi, haiondoi usingizi wala haiongezi saa za mchana. Yampasa mwenye mali ajiulize kama anampa mwenziwe pumziko, au anampa njia ya kumtumia zaidi.

Sasa tutazame mahali pengine ambapo nguvu hii hii ya kubeba joto ilitumika, tuone jinsi ilivyoweza kuwafaa watu walio mbali na chumba cha dereva. Frederick McKinley Jones alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa mwaka 1893 katika mji wa Cincinnati. Aliachwa yatima angali mtoto, shule hakuipata nyingi, akajifunza ufundi katika gereji za motakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1930, huko Minneapolis, aliunda mtambo wa kupoza shehena ya lori uliostahimili mitikisiko ya barabara, akapewa hataza yake. Yeye na mwenziwe Joseph Numero walianzisha kampuni ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Thermo King. Katika vita kuu ya pili mitambo yao ilitumika kuhifadhi damu, dawa na vyakula vya askari. Jones alikufa mwaka 1961. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilimtunukia nishani ya taifa ya teknolojia, naye akawa mtu mweusi wa kwanza kuipata.

Angalieni hekima ya kazi yake. Mtambo wake aliupa injini yake ndogo, usiombe nguvu kwa injini ya lori. Na baridi yake aliipeleka kwa shehena: nyama isioze, dawa isiharibike. Chanjo nyingi za watoto sharti zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zikipata joto njiani hupoteza nguvu, na mtoto huchomwa sindano isiyomlinda, wala mama yake hajui. Mtu wa Bombo anayefikiri juu ya ubaridi katika lori lake na afikiri pia hilo. Hatusemi kwamba dereva asipozwe mpaka kila dawa ipozwe. Twasema tu kwamba nguvu moja ya mtambo yaweza kumfaa mtu mmoja au kuwafaa wengi, na mwenye mtambo ndiye achaguaye.

Tumeuliza joto hutupwa kwa nani, nasi tumejibu kuhusu rejeta na kuhusu walio nyuma. Lakini wako wengine wanaotupiwa, ambao hawamo katika lori kabisa, na baadhi yao hawajazaliwa. Hao hufikiwa kwa njia ya gesi. Mwaka 1928 Thomas Midgley na wenziwe huko Marekani walitafuta gesi ya kupozea isiyowaka na isiyomdhuru mtu aivutaye, kwa kuwa gesi za zamani zilikuwa zimeua watu majumbani. Waliipata, na dunia nzima ikafurahi. Nia yao ilikuwa njema. Walakini mwaka 1974 wataalamu wawili, Mario Molina na Sherwood Rowland, walionyesha kwamba gesi za jamii ile zikipanda juu sana huiharibu ozoni, ambayo ni ngao ya dunia juu ya mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 mataifa yalipatana huko Montreal kuziacha. Katika motakaa mahali pake pakachukuliwa na gesi iitwayo R-134a, ambayo haiharibu ozoni. Lakini nayo ikivuja hushika joto la dunia kuliko hewa ukaa kwa zaidi ya mara 1,000, uzito kwa uzito. Ndipo mwaka 2016 mataifa yalikutana tena, safari hii hapa kwetu Afrika ya Mashariki, mjini Kigali, wakapatana kuzipunguza gesi za namna hiyo hatua kwa hatua.

Historia hii yatufundisha kwamba joto tulilodhani limekwenda zake lilikuwa limekwenda mbali tu. Mkulima anayengoja mvua ili ndiva yake ijae hakupata kukaa katika chumba cha baridi hata siku moja, lakini deni la gesi iliyovuja laweza kumfikia. Basi fundi anayekata bomba la gesi kwa kisu na kuiacha ipige miluzi hewani, kwa sababu hana chombo cha kuikusanya, au anayejaza mtambo unaovuja kila mwezi kwa sababu kujaza ni rahisi kuliko kuziba, ametupa joto lake shambani kwa mtu asiyemjua. Kutomjua hakumwondolei hatia.

Baada ya kuyapima hayo yote, tumjibu mwenye lori wetu. Twamwambia kwamba yafaa, lakini kwa masharti manne.

Kwanza, azuie kabla ya kupoza. Joto jingi la chumba cha dereva halihitaji kompresa kuliondoa; lahitaji kuzuiwa lisiingie. Azibe matundu ya sakafu, aweke kitambaa kizito au sufi kati ya injini na miguu, apake paa rangi nyeupe, atie kivuli juu ya kioo. Ubaridi unaopatikana kwa njia hiyo haukuchukuliwa kwa mtu yeyote. Huenda akiisha kufanya hayo ataona kwamba lililobaki ni dogo.

Pili, alipe madeni ya zamani kabla ya kukopa jipya. Breki kwanza, kisha magurudumu, kisha usukani, kisha rejeta isafishwe na feni yake iwe nzima. Mtu anayeshuka mlima wa Upare na breki mbovu huku akipulizwa na hewa ya baridi hajajistarehesha. Amejipoza njiani kwenda kaburini, tena hakwenda peke yake.

Tatu, afunge kwa namna inayoweza kuondolewa. Fundi asitoboe injini. Atengeneze breketi ya chuma kinene itakayoshikwa na bolti zilizopo, na puli zote zikae katika mstari mmoja, maana mkanda uliopinda hula kompresa na kuila beringi ya pampu ya maji pia. Lori hili lilitoka kwa baba, nalo litakwenda kwa mtoto. Aliyepewa kitu cha urithi aweza kukiongeza, lakini asimfungie mrithi mlango wa kukirudisha kilivyokuwa. Klachi iwe nzima, izimike mara moja, na penye mlima izimwe.

Nne, ahesabu watu wote. Akae na dereva wake, na utingo wake, na wale wanaompa mizigo, awaambie: nataka kuongeza mzigo huu katika injini, ninyi mwaonaje? Kengele ifungwe. Turubai liwekwe nyuma, ili aliyeko juu ya bodi apate kivuli siku ile ile ambayo aliyeko ndani anapata baridi. Gesi ijazwe na fundi mwenye vyombo vyake, naye azibe panapovuja. Kama hawezi kuyafanya haya kwa sasa, angoje. Kungoja si hasara; lori limeishi miaka mingi bila kompresa, litaishi mwaka mmoja tena.

Wasomaji wetu wengi hawana lori, wala hawatakuwa nalo. Lakini kila mmoja wetu anayo injini ya zamani anayotaka kuifungia kitu kipya: nyumba ya wazazi, mshahara wa mwezi, nguvu za mke au mume, subira ya jirani. Baba akitaka kupumzika jioni, kazi yake ya jioni hubebwa na mama au na binti. Kijana akitaka kusoma mjini, shamba lake hulimwa na ndugu aliyebaki. Hatusemi kwamba baba asipumzike wala kijana asisome. Twasema kwamba pumziko lile lina mkanda unaolizungusha, na mkanda ule umefungwa mahali fulani. Mtu mwungwana huufuata kwa macho yake mpaka aone unakofika, kisha humshukuru aliyeko upande ule, humpa zamu yake, na siku ya dhiki huzima yeye kwanza.